Mtoto hasemi, haitiki akiitwa: daftari la kwenda nalo kliniki

Mwanangu akiwa na mwaka mmoja na miezi sita alikuwa na maneno matatu: "baba", "tata", na "mma", ambalo lilikuwa maji. Alipotimiza miaka miwili hakubaki na hata moja. Mama mkwe akasema watoto wa kiume huchelewa, hata baba yake alisema akiwa na minne. Jirani akasema ana udata, ulimi umefungwa na mshipi mfupi, akakatwe. Mimi nikasema atasema tu. Mwaka na miezi miwili ikayoyoma hivyo, kila mtu na jibu lake mfukoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandika chochote.

Siku nilipomfikisha kwa daktari anayeijua kazi hiyo, nilitegemea atuandikie damu au picha ya kichwa. Akauliza: "Mara ya mwisho kukunyooshea kidole ili nawe uone kitu, mama, ilikuwa lini?" Nikababaika. Nilijua kwamba hunivuta mkono mpaka kwenye friji. Lakini kidole? Nikaanza kubuni, naye akaona ninabuni, akaweka kalamu chini. Akanirudisha nyumbani kwa wiki mbili na kazi moja: nikaangalie, niandike.

Mimi si daktari. Ni mama wa Dar aliyezunguka sana, na ninachoandika hapa ni njia ambayo ningependa mtu angenionyesha mapema. Usonji (kwa Kiingereza autism, ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu) na ndugu zake hawaonekani kwenye damu wala kwenye CT scan. Hutambuliwa kwa historia ya mtoto na kwa kumwangalia anavyocheza, anavyoomba, anavyokasirika. Daktari anamwona saa moja, mtoto akiwa na njaa, kwenye chumba asichokijua. Saa nyingine zote unazo wewe.

Kwanza majina, tusichanganyane

Tunazungumzia matatizo yanayoanza ubongo ukiwa bado unajijenga, hata kama yataonekana baadaye darasani. Kapu hilo lina usonji (Kenya wapo wanaouita tawahudi), ADHD yaani kukosa utulivu na umakini kupita umri, ulemavu wa akili, matatizo ya lugha na usemi pamoja na kigugumizi, ugumu wa kusoma uitwao disleksia, mikono na miguu isiyopatana mtoto akivaa au akiandika, na tiki, zile kope au mabega yanayoruka yenyewe. Mtoto mmoja anaweza kuwa na mawili au matatu kwa pamoja, na hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Mtindio wa ubongo ni jambo jingine. Huo unatokana na ubongo kuumia au kutokukua sawa mapema, na unagusa mwendo na misuli: mtoto anakakamaa au analegea. Mtaani kwetu kila mtoto asiyefanana na wengine huitwa "ana mtindio", hata hospitalini utamsikia mhudumu akisema hivyo. Muulize anamaanisha nini.

Kwenye karatasi huenda ukaona herufi na namba. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Humo usonji ni 6A02, ADHD ni 6A05, ulemavu wa akili ni 6A00. Wanaotumia orodha ya zamani huandika F84.0 kwa usonji wa utotoni. Nakili namba hiyo, kwa sababu mwandiko wa daktari hausomeki, lakini namba inasomeka.

Hatua ya 1: Nunua daftari, acha kutumia neno "hawezi"

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kanuni ni moja: andika ulichokiona na kukisikia, usiandike maana yake. "Ni mkaidi" haina msaada. "Hasikii" inaweza hata kupoteza. Haya ni baadhi ya niliyoandika wiki zile mbili:

"Jumanne asubuhi. Nimeita jina lake mara tano nikiwa nyuma yake, hatua tatu. Hakugeuka. Pakiti ya biskuti ilipolia chumba cha pili alikuja mbio."

"Alhamisi jioni. Kapanga vizibo vya soda ukutani, dakika 40. Binamu yake alipochukua kimoja alilia mpaka akatapika."

"Jumamosi. Amesema: 'Unataka uji?' Alikuwa anataka uji yeye."

Hilo la tatu ndilo daktari alilolipigia mstari. Maneno ya mwanangu yalipoanza kurudi yalirudi kama mwangwi: alilirudisha swali langu zima, hata kwa sauti yangu, kwa sababu ndivyo uji ulivyokuwa ukitokea. Mtoto wa kawaida anayejifunza Kiswahili huangusha viambishi. Atakwambia "taka uji", na hilo halina shida yoyote. Kukaa na "u" mahali pa "ni" kwa miezi mingi ni dalili ya kuandikwa. Mtoto wa namna hii anaweza kukusomea tangazo la redio neno kwa neno, ukatamba kwa majirani, kumbe hajui kuomba maji.

Andika pia anachofanya vizuri. Nani anamtuliza? Anapenda nini? Alijifunzaje kufungua simu yako? Mtaalamu anahitaji hayo kama anavyohitaji mabaya.

Halafu chukua video fupi, dakika moja au mbili kila moja: akila, akicheza peke yake, akiitwa jina, akiwa na watoto wenzake, akikasirika. Zibaki kwenye simu yako. Usizitupie kwenye kundi la familia la WhatsApp, kwa sababu huko zitapata madaktari arobaini.

Hatua ya 2: Mlinganishe na umri, usimlinganishe na mtoto wa jirani

Mipaka ya kawaida ni mipana kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo vya mwendo: kukaa bila kushikiliwa ni kati ya miezi 4 na 9 hivi, kutembea peke yake ni kati ya miezi 8 na karibu 18. Asilimia 4 hivi ya watoto hao hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti, wakatembea vizuri tu. Kwa hiyo mtoto wa miezi 13 asiyetembea mwache apumue. Akifika miezi 18 hatembei, nenda.

Upande wa lugha na watu, haya ndiyo ya kukupeleka kliniki bila kungoja:

Miezi 12 imefika, habwabwaji "bababa, dadada", hapungi mkono wa kwaheri, hanyooshi kidole.

Miezi 16, hana neno hata moja.

Miaka 2, hajaunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, kama "baba kaenda" au "taka uji". Ya kukariri hayahesabiwi.

Umri wowote: amepoteza neno, kidole, kicheko au mwendo aliokuwa nao.

Hilo la mwisho ndilo nililolikalia miezi kumi na minne. Mtoto anayepoteza alichokuwa nacho haangojwi hata wiki mbili za daftari. Vivyo hivyo mtoto mwenye degedege zisizo na homa, anayezubaa na kupepesa macho kwa sekunde kadhaa mara nyingi kwa siku, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Watu hufurahi kwamba ana mashoto. Kabla ya mwaka mmoja mtoto hapaswi kuchagua mkono, na huo wa pili huenda ni dhaifu.

Kuhusu kidole: kuna kidole cha kuomba na kidole cha kuonyesha. Kuomba ni "nipe ile". Kuonyesha ni pale ndege inapopita juu, mtoto anainua kidole, anakutazama usoni, anarudisha macho kwenye ndege, kana kwamba anasema umeiona? Hahitaji chochote kutoka kwako. Hicho cha pili ndicho wataalamu wanachokitafuta.

Na kuhusu macho: sisi tunamfundisha mtoto asimkazie macho mkubwa. Adabu hiyo ni ya mtoto mkubwa. Wa mwaka mmoja hajaifikia. Yeye humtafuta mama yake usoni kila akianguka, kila akiogopa mgeni, kila akifanikiwa kufunika sufuria. Angalia hapo.

Mchezo wa kuigiza nao unasema mengi. Akifika miaka miwili na kitu, mtoto hupika ugali wa mchanga, hubeba gunzi mgongoni kwa kipande cha khanga, huongea na simu ya kopo. Mwanangu aliligeuza gari lake la waya juu chini na kuzungusha gurudumu, siku baada ya siku. Nilidhani atakuwa fundi. Huenda akawa kweli.

Hatua ya 3: Masikio kabla ya yote

Hatua hii ni fupi kuiandika, lakini usiiruke. Mtoto asiyesikia hasemi, haitiki, na huchukua vitu kwa kuvuta mkono. Kwa mbali anafanana kabisa na mwenye usonji. Omba rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo, upate kipimo cha usikivu, si kupigiwa makofi nyuma ya kichwa. Kwa mdogo asiyeweza kujibu kuna vipimo vinavyofanyika akiwa amelala. Wahi zaidi kama aliwahi kuugua uti wa mgongo, alikuwa na manjano makali alipozaliwa, alichomwa sindano za jentamaisini siku nyingi, au ana usaha wa masikio unaorudi. Kumbuka pia mtoto anaweza kusikia mlango na asisikie "s" na "f", kwa hiyo mlango usikudanganye.

Udata nao tuumalize hapahapa: mshipi wa ulimi ukiwa mfupi sana unaweza kusumbua kunyonya na kutamka baadhi ya sauti. Haumzuii mtoto kunyoosha kidole, kuelewa "leta kiatu", wala kugeuka akiitwa. Kimeo hakihusiki kabisa, na kukikata kienyeji kunaua watoto kwa damu na maambukizi.

Hatua ya 4: Kadi ya kliniki na maswali ya aibu

Tafuta kadi ya kliniki, iliyochanika hivyohivyo. Kaa na mama yako au mkweo na mjaze ukurasa mmoja wa daftari: mimba ilikuwaje, alizaliwa miezi mingapi, alikuwa njiti? Alilia mara moja au "hakulia"? Uzito? Alilazwa? Manjano, degedege, malaria kali, uti wa mgongo, kuanguka? Ana sikoseli? Sikoseli inaweza kuleta kiharusi kidogo kisichoonekana kwa nje lakini kikamharibia kujifunza.

Kisha ukoo. Hapa wazee hufunga mdomo. Yuko mjomba aliyechelewa sana kusema? Shangazi mwenye kifafa "kilichofichwa"? Swali hili halimtafuti mchawi wala mwenye kosa. Usonji na ADHD hutembea kwenye damu. Familia yenye mtoto mmoja mwenye usonji, mdogo wake ana nafasi ya karibu 1 kati ya 5 ya kuwa nao pia. Kama una kitinda mimba nyumbani, mfungulie naye kurasa zake.

Taja pia mazingira. Unaishi karibu na wanaoyeyusha betri za magari? Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na madini ya risasi (lead) yaliyotoka kwenye kiwanda cha betri mpaka mahakama ikawaamulia fidia mwaka 2020. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hiyo, tofauti na usonji, inapimwa kwenye damu.

Hatua ya 5: Maswali ishirini

Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 kuna dodoso liitwalo M-CHAT-R, maswali 20 ya ndiyo na hapana, halilipiwi. Jibu kwa anavyofanya siku zote. Kitu alichokifanya mara moja au mbili tu, jibu ni hapana. Karibu maswali yote, "hapana" ndiyo yenye pointi ya wasiwasi. Namba 2, 5 na 12 ni kinyume chake, na hapo ndipo wazazi hukosea kuhesabu. Jumla 0 hadi 2 hatari ni ndogo. Pointi 3 hadi 7, mhudumu anapaswa kukuuliza maswali ya nyongeza kabla ya kusema lolote. Pointi 8 na kuendelea, nenda moja kwa moja kwenye tathmini.

Dodoso ni chekeche. Linabakiza mchele na vijiwe pamoja. Kuvitenganisha ni kazi ya hatua inayofuata. Mtu akikuambia mtoto ana usonji kwa sababu ya M-CHAT peke yake, mshukuru, uendelee na safari.

Hatua ya 6: Mlango upi?

Anzia kliniki ya watoto ya karibu, kwa sababu bila barua ya rufaa utarudishwa, na bima nyingi huangalia karatasi hiyo. Dirishani usiseme "mtoto ana homa" ili upite haraka. Sema: "Nina wasiwasi na ukuaji wa mtoto, naomba kumwona daktari wa watoto." Ndani, fungua daftari.

Kwa Tanzania, rufaa huishia hospitali kubwa: Muhimbili kwa Dar, na huko mikoani za kanda kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Mbeya, zenye idara za watoto na za afya ya akili. Neno "afya ya akili" lisikutishe; huko ndiko walipo wengi wanaojua kazi hii. CCBRT ya Dar inajulikana kwa utengamao wa watoto wenye ulemavu. Kenya wana faida moja ambayo huwa ninawaonea wivu: vituo vya tathmini ya kielimu, EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984, na chuo cha elimu maalumu, KISE, kule Kasarani, Nairobi, ambako mzazi anaweza kuanzia upande wa elimu bila kupitia wodini.

Wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu. Chukua tarehe hata kama ni ya miezi mitatu mbele, na wakati unangoja fanya ya hatua ya mwisho. Hakuna sheria inayosema mtoto asisaidiwe mpaka karatasi itoke.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mlishe. Beba kitu anachokipenda. Sisi tulikwenda na vizibo vyetu kwenye mfuko wa rambo wa zamani. Mwambie daktari kama hakulala. Nenda na mtu wa pili anayemjua mtoto, hata dada wa kazi, maana mara nyingi ndiye anayeshinda naye.

Tathmini nzuri huonekana kama mchezo. Mtaalamu anakaa sakafuni, anapuliza mapovu, anaacha ghafla, anangoja kuona mtoto ataombaje. Anaficha mdoli chini ya kitambaa. Anaita jina. Wengine hutumia kipimo maalum kama ADOS, wengine hawana kifaa hicho bali wana uzoefu na vigezo. La msingi ni kwamba mtoto ametazamwa na wewe umesikilizwa. Akikutana na kitu mtoto asichowahi kukiona, kama fumbo la vipande vya mbao, sema. Si kwamba hawezi, hajawahi. Ndiyo maana watafiti wa Kilifi, Amina Abubakar akiwa mmoja wao, walitengeneza kipimo chao cha watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa vitu vinavyojulikana huko, na ndiyo maana vipimo vipya vya Shirika la Afya Duniani vilijaribiwa Pemba pia.

Hospitali moja tuliyopitia mwanzo ilitutoza CT scan kabla ya kuuliza swali hata moja. Jibu lilikuja "kawaida", tukarudi nyumbani tukidhani mtoto ni mzima, tukapoteza miezi mingine. Picha ya kichwa ina mahali pake: kichwa kinachokua haraka mno au kidogo mno, udhaifu wa upande mmoja, kifafa, kupoteza uwezo. Kipimo cha umeme wa ubongo ni cha anayeshukiwa kifafa. Usonji haunaswi kwa mashine. Akikuandikia picha, uliza kwa upole: "Daktari, tunatafuta nini hapa?"

Vinavyofanana

Mtoto mwenye kuchelewa lugha tu hana maneno, lakini ana kidole, ana macho, ana vituko. Atakuigizia mbwa ili uelewe. Mwenye usonji anaweza kuwa na maneno mengi na asijue kuyatumia na mtu. Mwenye ulemavu wa akili amechelewa karibu kila upande, na uchunguzi wake haukomi kwenye mtihani wa akili: wanauliza anavaaje, anakulaje, akitumwa dukani anarudi na chenji?

Lugha nyingi nyumbani hazileti lolote kati ya haya. Kiswahili na baba, Kihehe na bibi, Kiingereza shuleni, mtoto anaweza kuchanganya kidogo, hapati usonji kwa hilo. Na simu? Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya miaka 2 asitazamishwe kabisa, na miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Punguza, kwa sababu skrini inakula muda wa kuongea naye. Lakini usijipige kifua kwamba katuni ndizo zilizomletea.

ADHD ndiyo inayotupiwa watoto ovyo. Vigezo vya Wamarekani vya mwaka 2013 vinataka dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za kutotulia, kwa miezi 6 au zaidi, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zionekane sehemu mbili au zaidi. Mtundu shuleni peke yake na ametulia nyumbani? Angalia shule kwanza. Mtoto anayekoroma usiku kwa nyama za pua hapati usingizi, mchana anaruka kama panzi. Upungufu wa damu, njaa, kifafa cha kuzubaa, fimbo nyumbani, vyote huvaa kanzu ya ADHD.

Disleksia nayo kwa Kiswahili hujificha. Maandishi yetu yanasomeka kama yanavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwerevu hatimaye hupata herufi; kinachobaki ni pole pole. Yuko darasa la nne na "wa-na-o-ngo-zwa" bado inamchukua pumzi mbili, wakati hadithi akisimuliwa anaielewa kuliko wote. Mwalimu atakwambia mvivu.

Hatua ya 8: Maneno ya watu na vinavyouzwa

Utaambiwa ni kijicho, ni jini, ni mkataba wa mababu. Degedege pwani waliiita babewatoto na hawakuipeleka hospitali. Dua na sala simzuii mtu, tumefanya nyumbani kwetu. Ninachokataa ni kinachoingia mwilini mwa mtoto: chale, moshi, kufungwa kamba, kushindishwa na njaa.

Kisha kuna waganga wa kisasa wa mtandaoni. Klorini daioksaidi wanayoiita "maji ya tiba" ni dawa ya kupaushia. Dawa za "kutoa madini" mwilini zina kazi yake kwa aliyelishwa sumu ya risasi. Kwa usonji hazitibu, na mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifia Marekani akiwa anapewa. Anayekuahidi kuponya usonji kwa wiki sita, kwa fedha taslimu, unamfahamu ni nani.

Chanjo: uvumi kwamba huleta usonji ulianzia kwa daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, aliyechapisha mwaka 1998 habari za watoto 12. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari mwaka huohuo. Denmark walifuatilia watoto 657,461 wakatoa majibu mwaka 2019: waliochanjwa surua na wasiochanjwa hawakutofautiana. Ninaelewa kwa nini tunaamini. Kwetu chanjo ya surua na rubela hupewa miezi 9 na 18, na miezi 18 ndiyo hasa wakati maneno yanapotakiwa kufurika na yasipofurika unaona. Mwanangu alichanjwa na maneno yakapotea baada yake. Video za zamani zinaonyesha alishaacha kugeuka akiitwa kabla ya sindano ile.

Hatua ya 9: Karatasi, na kabla ya karatasi

Omba ripoti ya maandishi yenye muhuri, piga nakala tatu, moja iwe picha kwenye simu. Uliza mambo matatu tu siku hiyo, maana kichwa kitakuwa kinavuma: ni nini, tuanze na nini, turudi lini. Mtoto mdogo hupimwa upya, hasa kabla ya darasa la kwanza. Jina la tatizo linaweza kubadilika kadiri anavyokua.

Nyumbani unaanza leo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi ya vikao 9 na ziara 3 za nyumbani, yaliyotengenezwa kwa mahali wataalamu ni haba. Uliza kama yapo ulipo. Msingi wake unaweza kuuanza kwenye mkeka. Kaa chini, uso wako usawa wa wake. Fuata anachokitazama yeye, usimvute kwenye chako. Akizungusha gurudumu, zungusha nawe, sema "zunguka", nyamaza, hesabu moja mpaka kumi moyoni. Ukimya huo ndio mgumu. Mimi ulinichukua miezi kuuzoea, maana sisi wanawake wa uswahilini tunajaza kila upenyo kwa maneno. Akiwa hana neno, sema neno moja. Akiwa na moja, mpe mawili. Akiomba kwa kukuvuta mkono, mnyooshee kidole chake, mpe hapohapo.

Shuleni, usipeleke ripoti yote ya kurasa sita. Andika ukurasa mmoja: anachoelewa, anachoogopa, kinachomtuliza, namba yako ya simu. Kwenye wa kwangu niliandika kwamba kengele ikilia huziba masikio na kukimbia, na hiyo si jeuri. Kengele ya shule yao ni rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwarobaini. Mwalimu aliusoma ukurasa, akafikiri kidogo, kesho yake akampa mwanangu kile chuma cha kugongea. Saa nne kamili yeye ndiye huwatoa wenzake kwenda kunywa uji, na anagonga mara tano, kamwe si sita.